Ethuro, Msomaji wa Matumbo

Mimi ni Bilha, mwuguzi, mtu wa Maragoli, na tafadhali mtu asiniulize nilifikaje Turkana. Nilihamishwa. Siku zile, mkubwa wako wa kazi akikuchoka anakutafutia Lodwar, na mimi nilikuwa na mdomo. Nilishuka kwenye lori na sanduku langu mwaka wa sabini na mbili, nikatazama ule mchanga na ile mikoma ya kando ya mto Turkwel, nikaangua kilio mbele ya dereva bila aibu. Baadaye nilizoea. Nilizoea jua, nilizoea vumbi ndani ya chai, nilizoea hata kusalimia watu ejok na kuitikiwa ejok kutoka asubuhi mpaka jioni. Lakini yuko mgonjwa mmoja ambaye mpaka leo sijamzoea, na ndiye ninayetaka kumzungumzia. Aliitwa Ethuro, mchinjaji wa Kakuma. Alikufa kwa kansa ya utumbo mpana mwaka wa sabini na sita.

Nianze na kazi yake, maana bila hiyo hamtanielewa. Ethuro alikuwa na mifugo yake zamani, ng'ombe na ngamia na mbuzi wasiohesabika, mpaka ule ukame mkubwa ulipopita na kumwacha mikono mitupu. Akaenda kukaa Kakuma, akawa anamchinjia mtu mmoja wa Nyeri aliyekuwa na bucha pale. Alikuwa mrefu, mkavu, nyuma ya kichwa amesiliba nywele kwa udongo na kuchomeka unyoya wa mbuni, na mkononi amevaa kile kisu chao cha duara kilichofunikwa kwa ngozi. Watu walimpenda kwa sababu alichinja haraka na hakumtesa mnyama. Pia alipenda mzaha. Akikuona umenona, anakupima kwa macho na kukuambia ni nyama gani ataanza nayo.

Hiyo ilikuwa kazi ya mkate. Kazi ya heshima ilikuwa nyingine. Waturkana wakitaka kujua kama mvua iko karibu, kama maadui wako njiani, kama mgonjwa atapona, huchinja mbuzi, wakatandaza matumbo yake juu ya majani, na wazee wakayasoma. Wanaume hukaa nusu duara, kila mmoja na rika lake, na msomaji anainama na fimbo yake akionyesha: hapa ni mto, hapa ni boma, hapa ni kaburi. Ethuro aliitwa kutoka mbali, hata watu wa Kataboi huko ziwani walimfuata. Alikuwa na sheria mbili ambazo hakuzichezea. Ya kwanza, ukikiona unakisema, hata kama ni kifo na mwenye kufa anakutazama usoni. Ya pili, mwenye mbuzi hasomi mbuzi wake, kwa sababu anatamani mno, na mtu anayetamani huona anachotamani.

Mke wake, Akiru, alikuwa na neno lake kuhusu sheria ile ya kwanza, ila hakuwahi kulitoa mbele ya mumewe. Alinitolea mimi. Baba yake Akiru aliumwa kifua. Wakachinja mbuzi, Ethuro akainama, akaona, akamwambia mkwe wake mbele ya kila mtu: kaburi lako ni hili hapa. Yule mzee alirudi nyumbani, akalala juu ya ngozi yake, akakataa maziwa, akakataa maji, na kabla mwezi mpya haujaandama walikuwa wamemzika. Kakuma nzima ikamsifu Ethuro kwamba ni msomaji kweli kweli. Akiru akajiambia kwamba si kifua kilichomuua baba yake, ni maneno.

Sasa ugonjwa. Ulianza kwa damu kidogo tu akienda haja. Ethuro hakumwambia mtu. Jamani, mwanamume mzima, mzee wa watu, amwendee nani kumweleza habari za choo chake? Tena yeye damu ilikuwa kazi yake, angeiogopaje? Kisha haja ikawa nyembamba, leo inamharisha, kesho inamfunga. Akapungua mwili. Alipotafuta dawa alipewa za amiba, na sitamlaumu aliyempa, kwa sababu kule kila tumbo lilikuwa na amiba. Wakati anakuja kujua kwamba dawa hazisaidii, alikuwa amekwisha kuwa mifupa.

Halafu tumbo likafunga kabisa. Haja haitoki, hata upepo hautoki. Nyumbani wakafanya wanachofanya wote: wakachinja kondoo, wakayeyusha mafuta ya mkia, wakamnywesha bakuli zima ili njia ifunguke. Tumbo lililofunga kwa kawaida hufunguka kwa mafuta yale, nimeshuhudia mwenyewe. Lakini njia ya Ethuro haikuwa imekauka, ilikuwa imezibwa na nyama iliyoota ndani, na kila kilichosukumwa kutoka juu kilirudi kumpasua. Alipiga mayowe, yeye ambaye watu walisema alitolewa jino bila kukunja uso. Akiru akatoka mbio mpaka barabarani, akasimama mbele ya lori la serikali, mikono juu, dereva achague kumkanyaga au kumbeba mumewe. Akambeba.

Walifika Lodwar mchana, tumbo limevimba na kuwa gumu kama ngoma, macho yameingia ndani. Daktari wetu alikuwa Opondo, kijana mtaratibu aliyetoka chuo kikuu juzijuzi, na alikuwa peke yake kwa eneo ambalo ukilitembea unaweza kuzeeka. Akampapasa Ethuro, akaniambia kwa Kizungu kwamba tukingoja mpaka kesho utumbo utapasuka na mambo yatakuwa yamekwisha. Nikapewa kazi ya kumweleza. Nikavuta kigoda, nikachukua mfano wa laga, ile mito mikavu ya kule inayofurika ghafla.

"Mzee," nikamwambia, "unajua laga ikishuka na maji, lori linafanyaje?"

"Inatafuta njia ya kando."

"Basi tumbo lako limekatika barabara. Daktari anataka kukufungua, akutengenezee njia ya kando. Choo kitatokea hapa ubavuni."

Akiru alitoa sauti nyuma yangu. Ethuro alinitazama, jasho linamtiririka shingoni, na bado akapata nguvu ya kubishana.

"Kata. Lakini sikia, Sista. Mimi nimefungulia watu tumbo ya mbuzi maisha yangu yote, na sijaficha mtu. Mkifungua yangu, kile mnaona, mnasema. Yote. Usiwekee mimi ngozi juu."

"Tutakuambia," nikasema.

Jenereta ikawashwa. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza nikimsaidia daktari, na niliona yote. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, umeukaba utumbo mpana kuuzunguka wote, mgumu, umeng'ang'ania mgongoni hata haukutikisika. Daktari Opondo akaingiza mkono kwa juu, kwenye ini. Kisha akanishika mkono akaupeleka pale. Nikahisi vinundu, vigumu, kimoja kando ya kingine, ini zima. Tulitazamana juu ya vitambaa vya mdomo.

Niwaeleze, maana mimi mwenyewe nilielezwa na daktari siku ile tukinawa mikono. Kansa hii huanza kama kiuvimbe kidogo ndani ya ukuta wa utumbo, kidogo kuliko punje ya mahindi, na hakiumi. Kinatoa damu tu. Kikikua kinazunguka utumbo na kuufinya, ndiyo maana haja inakuwa nyembamba. Kikiachwa, kinapenya ukuta, na damu inabeba mbegu zake mpaka kwenye ini, maana damu yote ya utumbo hupitia ini. Kabla hazijafika huko, daktari anaweza kukata kipande kibovu na kuunganisha pande mbili nzima. Zikifika, ukikata ule wa kwanza, watoto wake wamebaki. Kwa hiyo Opondo hakuung'oa. Alitoa kipinda cha utumbo juu ya kizuizi, akakishona kwenye ngozi ya tumbo, akafunga. Hiyo ndiyo njia ya kando, na hakukuwa na zaidi.

Ethuro alipozinduka vizuri nilikuwa namsafisha. Ule utumbo ulikuwa umejitokeza hapo ubavuni, mwekundu, umelowa, unajinyonganyonga wenyewe. Akainua kichwa akautazama muda mrefu.

"Hii ni mimi?"

"Ni wewe."

"Iko hai." Akaanza kucheka, akashika mshono kwa maumivu, akaendelea kucheka. "Nimeona ya mbuzi yote ya Kakuma. Yangu sijaona." Kicheko kikaisha. "Sasa soma, Sista. Ndani mliona nini?"

Nikafungua mdomo. Nyuma ya mgongo wa mumewe, mlangoni, Akiru alikuwa amesimama na mikono miwili amefunika mdomo wake, akitikisa kichwa: usi, usi, usi.

"Njia ilikuwa imeziba," nikasema. "Sasa imefunguka. Pumzika."

Nilipotoka barazani alinidaka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuza maziwa sokoni, lakini siku ile kilitosha. Akanieleza habari za baba yake, ile niliyowaambia. Hakuuliza tumeona nini; aliogopa neno lenyewe tu. Akapiga magoti kwenye sementi yenye moto, mwanamke mwenye shanga mpaka kidevuni, ananishika nguo yangu ya kazi.

"Ukiambia yeye, hatakula tena. Najua yeye. Atalala kwa ngozi, ataangalia ukuta, atakufa. Sista, wewe umezaa? Basi kwa ajili ya huyo mtoto wako, usimwambie."

"Na mkimficha," nikamwambia, "yeye si mjinga."

"Mfiche!"

Nikaenda kwa daktari. Naye akaniambia kidonda cha mgonjwa kipone kwanza, habari nyingine baadaye. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote wakati ule: neno kansa lilikuwa la kunong'onezana sisi kwa sisi, na jamaa wa mgonjwa wakiuliza, wala si mwenyewe. Sawa. Nikamfundisha Akiru kazi: maji yaliyochemka na kupoa, kitambaa laini, usisugue, paka ile dawa nyeupe kuzunguka shimo ngozi isichunike, kisha pamba na mkanda. Lo, mwanamke yule alikuwa na mikono! Alijifunza haraka kuliko wauguzi wangu. Vitambaa alivifua mwenyewe Turkwel na kuvianika juu ya vichaka vya miiba, na mumewe hakunuka hata siku moja.

Lakini kila asubuhi nikiingia wodini, ejok, ejok, na swali linafuata: "Sista, umesoma nini?" Nikimjibu habari za mshono. Ananitazama. Siku nyingine nikamjibu habari za mkojo. Ananitazama. Nilianza kuchelewa kufika kwenye kitanda chake, naanza na vitanda vya mbali, na yeye ananifuata kwa macho kutoka kitanda hadi kitanda. Roho iliniuma, siwezi kuwadanganya. Kisha siku moja akaacha kuuliza. Akageukia ukuta, akakiacha chakula.

Akiru akaona kile alichokuwa akikiogopa, na mumewe hajaambiwa lolote. Akachanganyikiwa. Alimlisha kwa kijiko, akamsihi, akamfokea, akalia, na yeye anatazama ukuta. Ndipo daktari akasema huenda nafasi ikapatikana Nairobi, madaktari wa ndege wakija wanaweza kumchukua. Akiru alirukaruka. Nairobi! Kule kuna kila kitu! Akafunga hata ngozi yake ya kulalia, tayari kwa safari.

"Nairobi kufanya nini?" Ethuro akauliza, bila kugeuka.

"Kupona," Akiru akasema.

"Sista, nimeuliza wewe. Nairobi kufanya nini?"

Hapo hasira zikanipanda. Nikatoka pale, nikaingia ofisini kwa daktari bila kubisha hodi. Nikamwambia, "Daktari, mtu huyu anachagua safari na hajui anakokwenda wala anachokimbia. Tulimwahidi. Mimi nilimwahidi kwa mdomo wangu. Tumemficha ili ale, na bado hali chakula. Sasa tunaficha ili iweje?" Nilidhani atanifukuza. Alikaa na kichwa mikononi, kisha akachukua kofia yake akasema twende.

Akiru alikuwa mtoni na vitambaa vyake. Daktari Opondo aliketi juu ya kitanda, kitu ambacho madaktari hawakifanyi, akasema kwa Kiswahili, taratibu, bila kuruka kitu. Kwamba ni kansa. Kwamba iko kwenye utumbo na imefika kwenye ini. Ethuro aligeuka kutoka ukutani.

"Kwa ini iko ngapi?"

"Nyingi. Sikuweza kuzihesabu."

"Nyeupe? Ngumu?"

"Ndiyo."

Ethuro akatikisa kichwa. "Hiyo najua. Mbuzi kama hiyo haimalizi kiangazi. Dawa iko?"

"Nairobi kuna dawa ya sindano," daktari akasema. "Inapigana na uvimbe. Kwa wengine inaupunguza kidogo, kwa wengine haifanyi kitu. Inatapisha, inachosha, na itakubidi ukae kule muda mrefu, unaenda na kurudi hospitali. Hata ikikubali, haitakuponya. Itakuongezea muda kidogo, labda. Kuna mashine ya miale, hiyo kwa ini lako haifai. Kuna kukata tena, na sioni cha kukata. Na kuna kukaa nyumbani na dawa ya maumivu. Hiyo ninayo, ni kali, na sitakubania."

"Kama ni wewe, ungekaa wapi?"

Daktari aliangalia kofia yake. "Sijui, mzee. Kweli sijui. Nadhani ningekaa kwetu."

Kisha Ethuro akauliza lile swali ambalo nilikuwa naomba asiliulize.

"Kama ningekuja ile wakati ya damu kidogo?"

"Tungekata kipande kile, tukaunganisha. Huenda ungepona kabisa."

"Damu kidogo," Ethuro akasema. Akaitazama mikono yake yote miwili, mbele na nyuma. "Mimi nimeosha damu kwa hii mikono kila siku. Hiyo yangu kidogo ndiyo nimeachilia." Machozi yakamtoka, hakuyafuta, na mimi nikatazama pembeni nisiaibike mbele ya wagonjwa. Daktari alimshika goti akakaa hivyo hivyo mpaka akaitwa kwingine.

Tulipobaki wawili, Ethuro akanivuta. Nikadhani anataka maji.

"Asante umesoma," akasema. "Sasa jambo moja. Akiru asijue."

"Mzee, jamani..."

"Asijue! Nilisomea baba yake, aliacha kula. Hii ni damu moja. Akisikia, ataacha kula pia, na watoto bado wadogo. Mimi nilikuwa mjinga, Sista. Nilifikiri kusema ni kumaliza kazi. Nilisema, nikaenda kula nyama. Mzee wa watu alibaki na ile maneno peke yake."

Mungu wangu! Huyu ananifunga mdomo kwa ajili ya yule, na yule amenifunga kwa ajili ya huyu, na mimi niko katikati na mdomo wangu ambao ndio ulionileta Lodwar. Sikuwahi kunyamaza kwa uchungu namna ile. Akiru aliporudi na vitambaa, akakuta mumewe amekaa, anamwambia habari ya Nairobi asiiamue daktari wala mtu wa ofisi. Arudishwe Kakuma, mbuzi achinjwe, wazee wasome. Mbuzi akisema Nairobi, ataenda. Akiru akakubali kwa furaha, kwa sababu mumewe alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Na mbuzi, aliniambia akinifinya mkono, mbuzi anaweza kusema Nairobi.

Landirova ya kliniki ilikuwa inakwenda Kakuma kwa ajili ya chanjo, nikajipenyeza. Nilimlaza nyuma juu ya godoro na chupa ya ile dawa ya maumivu mapajani mwangu, nikimpa kijiko kila alipokunja ngumi. Barabara ile, mtu mwenye afya anaomba kufa. Yeye aliuliza tu kama tumeshavuka laga fulani, kisha laga fulani. Tulipofika karibu na Tarach, laga ya Kakuma, aliomba ainuliwe aone miti. Tukamwinua.

Mbuzi alichinjwa siku iliyofuata, asubuhi. Alikuwa beberu mweupe wa Ethuro mwenyewe, mmoja wa wachache aliopata baada ya ule ukame. Wanaume wakakaa nusu duara yao chini ya migunga, na yeye akabebwa akawekwa mahali pa rika lake, mkanda wangu wa pamba umefichwa chini ya shuka. Wanawake hawaruhusiwi pale. Tulikaa mbali kidogo, karibu na vibanda, mimi na Akiru na majirani, mahali ambapo unaona migongo na sauti inafika ikipandishwa. Akiru alikuwa amejipaka mafuta na ngozi yake inang'aa. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

Aliyesoma alikuwa Etabo, mtu wa rika la Ethuro, rafiki yake wa tangu utoto. Akainama na fimbo. Akiru alinitafsiria kila kilichotufikia: anasema nyasi, anasema mvua itachelewa, anasema huku upande wa kaskazini kuna njia ya maadui. Wanaume wanaitikia. Fimbo ikasogea, ikasogea, ikasimama. Etabo hakusema kitu. Mimi sijui matumbo yale yalikuwa na nini, sikusomea hayo. Najua tu kwamba mtu mzima aliyeinama pale aliendelea kuinama.

Ethuro akasema kitu. Wanaume wakaguna, wengine wakanyoosha mikono kukataa.

"Anataka fimbo," Akiru akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hapana. Ni mbuzi yake. Mwenye mbuzi hasomi."

Lakini Etabo alikuwa amempa. Ethuro alijikokota kwa kiwiko mpaka kwenye yale majani, shuka linamvuka, mkanda wangu unaonekana na kila mtu. Akaweka ncha ya fimbo palepale fimbo ya Etabo iliposimama. Kisha akageuza uso, si kwa wazee. Aliugeuza huku kwetu. Akapaza sauti, na sauti ile alikuwa hana tena, sijui aliitoa wapi.

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamtikisa Akiru. "Amesema nini?"

"Anasema hapa ni peupe." Alikuwa anatazama mbele. "Anasema barabara imenyooka. Anasema hakuna kaburi. Ataona mvua hii na mvua nyingine. Nairobi haina haja."

"Basi..." nikaanza, akanikatiza.

"Sista. Daktari alimwambia?"

Nilikuwa nimefungwa mdomo na watu wawili, nikanyamaza kwa wote.

"Alimwambia," Akiru akasema. "Ethuro hajasema uongo kwa matumbo hata siku moja. Baba yangu hakumwonea huruma. Mimi pia, mtoto wetu wa kwanza akiumwa, alisoma kaburi, hakunionea huruma. Leo amechukua mbuzi yake, amesoma mwenyewe, amesema uongo mbele ya rika lake yote. Anakufa, Sista. Anakufa kweli."

Nilimkumbatia, akaniondoa mikono, si kwa ukali. Akasimama. Akapiga kigelegele chake, kirefu, peke yake, baada ya wenzake wote kunyamaza, ili kifike kule chini ya migunga. Halafu akaingia kibandani akatoka na kibuyu cha maziwa.

Walimleta wamembeba wanne, Etabo mmoja wao, na Etabo alikuwa analia bila kujificha. Wakamlaza kwenye kivuli. Ethuro alikuwa amepakwa kifuani yale majani ya tumboni mwa mbuzi, baraka yao, na chini ya baraka mbavu zinahesabika.

"Umesikia?" akamwuliza mkewe. Walisema kwa lugha yao, lakini kiasi hicho nilikuwa nimejifunza.

"Nimesikia. Utapona."

"Ndiyo."

"Basi kunywa."

Tangu asubuhi koo lake lilikuwa linarudisha kila kitu, hata maji ya dawa, mimi ndiye niliyempangusa. Nikanyoosha mkono nimzuie Akiru. Ethuro akausukuma mkono wangu. Akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, Akiru amesimama anamtazama usoni, akanywa mpaka mwisho. Na jirani zao waliniambia baadaye kwamba mpaka siku aliyokufa, kila Akiru alipomletea, alikunywa.